Mwalimu, rudisha koleo la jirani kwanza

Swali limetoka kwa mwalimu mstaafu anayefuga kondoo nje kidogo ya mji wa Molo, Kaunti ya Nakuru:

“Habari Daktari. Nina kondoo majike 22. Kumi na sita ni machotara wa Dorper na kondoo mwekundu wa Kimaasai, sita ni Corriedale niliowanunua kwa jirani aliyehamia mjini. Dume ninalo moja, Dorper. Mwaka jana niliwafunga mipira, zile pete ndogo za kubana, madume saba, korodani na mkia kwa siku moja, wakiwa na miezi miwili na nusu hivi. Baada ya siku kumi wawili walikakamaa kama ubao wakafa. Kijana wangu wa shamba anasema ni uchawi, jirani anasema ni dawa ya viazi. Boma ni kavu, wanalala humo pamoja na punda wetu wa maji. Msimu huu nina wanakondoo 19. Madume ni kumi: saba wamezaliwa juzi juzi mwezi huu wa Julai, watatu wana miezi miwili. Huwa nauza Desemba, wengine nawabakiza hadi Pasaka. Jirani ameniazima koleo la kupanulia mipira na pakiti yake, anasema nikate mikia yote kwa sababu kondoo asiye na mkia hunona zaidi. Nifanyeje?”

Mwalimu, nitaanza na wale wawili uliowazika, kwa maana sehemu kubwa ya jibu langu imezikwa nao.

Hawakurogwa. Dawa ya kunyunyizia viazi pia naiondoa kwenye orodha: ile ya kuua wadudu humtoa mnyama mate, humharisha na kumtetemesha, na mara nyingi humwangusha siku ile ile aliyoila. Wako walikula na kunyonya vizuri siku kumi, ndipo wakakakamaa. Hiyo ni pepopunda. Ningekuwa bomani nao ningetazama kama taya limefungamana, masikio yamesimama wima, ngozi ya kona ya ndani ya jicho imejitokeza, na miguu minne imetanuka kama ya meza. Ningepiga makofi mara moja nione kama mwili wote unashtuka. Rudi kwenye kumbukumbu yako, na umuulize kijana wako alichokiona yeye.

Vijidudu vya pepopunda vimo udongoni na kwenye samadi, hasa ya farasi na punda, na mbegu zake huvumilia jua na mvua kwa miaka. (Waliouita ugonjwa huu pepopunda walikuwa wameona jambo.) Adui wa vijidudu hivi ni hewa. Kidonda kilicho wazi, kinachovuja na kukauka, hakiwafai sana. Wanachokitaka ni nyama iliyokufa, yenye joto, isiyofikiwa na damu. Sasa fikiria kazi ya mpira: unabana mishipa, kila kilicho chini yake kinakufa polepole, na ngozi kwenye mstari wa kubanwa inachanika. Umewajengea nyumba. Halafu mwanakondoo anakwenda kulala pale alipokojoa na kunya punda.

Umri nao ulichangia. Kwa mtoto wa siku tatu, mfuko wa korodani ni kitu kidogo tu. Hunyauka kama tunda lililokosa maji na kuanguka baada ya wiki mbili, tatu au nne. Wa miezi miwili na nusu ana korodani nene, kwa hiyo nyama inayooza ni nyingi, kidonda ni kipana na kinachelewa kufunga. Mlango wa pepopunda unabaki wazi kwa muda mrefu zaidi, mbali na maumivu, ambayo ni makali kupita kiasi. Uingereza sheria inaruhusu mpira bila ganzi katika siku saba za kwanza tu, na baada ya miezi mitatu kuhasi kwa njia yoyote ni kazi ya daktari, kwa ganzi. Hatuko Uingereza, lakini mwili wa mwanakondoo ni ule ule.

Nami somo hili nililipia. Mwaka wangu wa pili kazini, upande wa Njoro, niliwafunga mipira wanakondoo zaidi ya 30 wa mteja mmoja, nikajisifu kwamba nimemaliza kabla ya chai ya saa nne. Sikuuliza kama mama zao walichanjwa. Shamba lilikuwa na farasi wawili. Tulizika watano. Yule mzee hakunitolea hata neno moja la lawama, na mpaka leo naona heri angenitukana.

Kwa hiyo kinga ndiyo ya kwanza, koleo baadaye. Kinga ya mwanakondoo mchanga hupitia kwa mama yake, kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Kondoo ambaye hajawahi kuchanjwa pepopunda anahitaji sindano mbili, zikiachana wiki nne hadi sita, ile ya pili ikiangukia karibu mwezi mmoja kabla ya kuzaa. Miaka inayofuata, moja kila mimba inatosha. Akizaa, mtoto akinyonya vizuri katika saa sita za kwanza, anapata silaha za kumtosha wiki nane au zaidi. Soma maandishi ya chupa kabla ya kulipa, Mwalimu, au mpe fundi wako wa mifugo ayasome: ile chanjo ya kimeta na chambavu inayochanjwa ng'ombe haikingi pepopunda, na nimewakuta wafugaji wengi wakijua wamechanja kumbe hawajachanja.

Msimu huu umechelewa kwa hilo. Wale saba wa Julai mama zao hawana kinga ya kuwapa. Yeyote utakayeamua kumhasi lazima apate serumu ya pepopunda, yaani sindano ya kinga iliyo tayari, siku ile ile ya kazi. Serumu hufanya kazi papo hapo lakini haidumu, na duka la dawa la kawaida huenda lisiwe nayo kwenye friji, basi mwambie daktari wa mifugo aagize mapema. Isipopatikana, kazi isifanyike. Sina njia laini ya kusema hilo.

Baada ya hapo swali linalofuata ni kama kuna haja yenyewe. Watu huhasi kwa mazoea, baba alifanya basi nami nafanya. Dume asiyehasiwa hukua haraka kuliko maksai na nyama yake ina mafuta machache. Ukimhasi unalipa kwa kilo. Unachonunua kwa kilo hizo ni utulivu: hapigani, hapandi dada zake, na akivuka mwaka nyama yake haina harufu nzito. Bei hiyo ina maana kwa mnyama utakayekaa naye. Kwa mnyama atakayeondoka akiwa na miezi mitano, unalipia kitu usichokitumia.

Fanya hesabu ya tarehe. Waliozaliwa Julai huanza kuwa na uwezo wa kupanda kuanzia Novemba, wakiwa na miezi minne au mitano. Damu ya Dorper huwahi. Wewe unauza Desemba. Tatizo lako lote ni wiki sita hivi. Wiki sita ni kazi ya ua, si ya koleo. Watenge madume mwishoni mwa Oktoba, hata kama ni kwenye kipande kidogo kilichozungushiwa nyaya na matawi, na uwape chakula kizuri wanone kwa ajili ya soko. Kama huna nafasi ya ua wa pili, nenda ukatazame wafugaji wa Kimaasai upande wa Narok: hufunga kipande cha ngozi chini ya tumbo la dume, mbele ya uume, akapanda asiweze. Kifaa cha bei ya bure, na kimefanya kazi tangu zamani.

Usipuuze utengaji huo ukidhani bado ni watoto. Jike wa miezi mitano akipandwa na kaka yake Novemba atazaa Aprili, mwili haujakomaa, na mimi nitaitwa saa nane usiku katika mvua ya masika kuvuta mtoto aliyekwama. Nimekwenda huko mara nyingi, matope ya Molo nayafahamu.

Wanaobaki hadi Pasaka ndio wa kuhasi. Chagua sasa: kama kwa kawaida hubaki wawili au watatu, chagua watatu, uache wengine. Usiwachague wale wazuri kuliko wote, kwa sababu huenda mmoja wao akawa dume la kuuzia jirani, na bei ya dume la mbegu si bei ya nyama.

Sasa mkia, na hapa jirani amekupotosha, ingawa naamini kwa nia njema. Kondoo hanoni kwa sababu amekatwa mkia. Kinachotokea kwa kondoo wa mkia wa mafuta ni kwamba mafuta yaliyokuwa yaende mkiani yanakwenda kukaa kwingine mwilini, mgongoni na kwenye nyama, na macho ya mnunuzi yanasema huyu amenona. Umehamisha akiba kutoka mfuko mmoja hadi mwingine. Kwa kondoo mwekundu wa Kimaasai mkia ni ghala lake la kiangazi. Una mishipa mikubwa na nyama nyingi. Ukiubana mpira unapata pande kubwa la mafuta linalooza, na ukiukata kwa kisu unapata damu isiyokatika. Isitoshe, kuna wateja wanaolipia mkia wenyewe. Ukiwa na mteja wa Idd-ul-Adha kutoka Nakuru mjini, yeye hukagua masikio, macho, miguu na mkia. Maksai kwake si kasoro. Mkia uliokatwa huenda ukawa.

Kukata mikia kulikuja na kondoo wa sufu. Merino, Romney, Corriedale: sufu nene matakoni, nyasi mbichi, kuharisha, kinyesi kinaganda kwenye sufu, nzi wa kijani wanataga humo, na ndani ya siku moja mayai yanakuwa funza wanaokula ngozi ya mnyama akiwa hai. Hilo nimeliona na silitakii kondoo yeyote. Lakini Dorper alizalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na Blackhead Persian, na koti lake ni mchanganyiko wa nywele na sufu fupi unaong'oka wenyewe. Chotara wako wa Dorper na Mmaasai hana sufu ya maana nyuma ya kumpa nzi kazi. Machotara wako wote 16 na watoto wao: mikia yao usiiguse.

Watoto wa majike wa Corriedale ni hadithi nyingine, na hapo itabidi utumie vidole. Baba yao ni Dorper, kwa hiyo wengine watazaliwa na sufu na wengine na nywele. Mshike kila mmoja, upapase shina la mkia na mapaja kwa ndani. Ukikuta sufu iliyojikunja na kusongamana, na ni jike unayetaka kubaki naye miaka mitano, sita, kumfunga mkia katika wiki ya kwanza kuna maana kwa Molo, mahali pa mita kama 2,500 juu ya bahari ambapo mvua haiulizi ni mwezi gani. Dume wa sufu atakayeuzwa Desemba mwache. Mnyoe matakoni kwa mkasi mara moja au mbili. Mkasi hauna pepopunda.

Ukikata, usikate mfupi. Naona siku hizi kondoo waliokatwa hadi shinani, kitako wazi kama cha bata aliyenyonyolewa, na mwenyewe anajivuna. Misuli ya mkia imeungana na ile inayofunga njia ya haja kubwa. Ukiipunguza sana, mnyama akikohoa au akishiba, utumbo wa nyuma unaweza kutoka nje. Jike uke wake unabaki juani na kwa nzi. Mkia uliobaki ufunike uke wote kwa jike, na njia ya haja kubwa kwa dume. Ukigeuza mkia utaona chini yake ngozi laini isiyo na nywele iliyoshikana na mwili pande mbili. Mpira ukae chini ya pale inapoishia, na ukae kwenye kiungo, kati ya pingili na pingili, si juu ya mfupa.

Na kuharisha kwenyewe kutafutiwe sababu. Nyasi changa za baada ya mvua huharisha bila ugonjwa. Minyoo ya utumbo huharisha. Ila yule mnyoo mbaya kuliko wote, anayenyonya damu tumboni, kwa kawaida haharishi: kope kwa ndani huwa nyeupe na taya huvimba maji. Mtu anayesubiri kuona kinyesi kilaini ndipo anyweshe dawa ya minyoo atazika kondoo mwenye matako safi kabisa. Kondoo mwekundu wa Kimaasai humstahimili mnyoo huyo kuliko Dorper, sababu nyingine ya kutoipoteza damu hiyo kundini mwako.

Haya, tuseme umechagua wako watatu katika wale wa Julai, serumu ipo. Wawe wamepita saa 24 tangu kuzaliwa, ili dang'a iwe tumboni na mama awe amemjua mtoto wake, na wasipite siku saba. Chagua asubuhi ya baridi isiyo na mvua. Kijana akae kwenye kiti kifupi, mwanakondoo mgongo wake ukiegemea tumbo la kijana, mkono wa kushoto umeshika miguu miwili ya kushoto, wa kulia ya kulia. Kabla ya mpira papasa. Korodani ni mbili? Ikiwa ni moja, mwache, umuuze mapema. Ukigusa uvimbe laini unaorudi ndani ukibonyezwa, hiyo ni ngiri, utumbo umeshuka. Ukifunga mpira hapo umefunga utumbo.

Mpira uwe mpya. Ile iliyokaa dirishani mwa duka ikipigwa na jua hupasuka au hulegea, na mpira uliolegea ni mbaya kuliko kukosa mpira, kwa sababu unabana damu ya kurudi bila kuzuia ya kuja. Osha mikono na koleo, pangusa mfuko kwa dawa. Panua mpira, upitishe, hakikisha korodani zote mbili ziko chini yake na vile vichuchu viwili vidogo vya dume viko juu, kisha uachie na kuchomoa koleo. Daktari akija na ganzi, aichome hapo hapo kabla ya mpira. Usijaribu wewe, kwa kuwa kipimo kinachomtosha ndama kinaweza kumuua mwanakondoo wa kilo nne. Bila ganzi utamwona akilala, akiinuka, akipiga teke tumbo lake, akirudi kinyumenyume. Hali hiyo hupoa baada ya kama saa moja. Asiyerudi kunyonya baada ya saa mbili, mwangalie.

Kisha kila siku mbili tatu tazama chini ya mkia na kati ya mapaja. Kilichokauka usikivute, kitaanguka chenyewe. Harufu, usaha au funza ni simu kwa daktari siku hiyo hiyo. Mguu ukikaza, ni simu saa hiyo hiyo, na mnyama umpeleke mahali penye giza na kimya; pona yake ni ndogo, lakini ipo kidogo akiwahiwa. Wewe na kijana wako pia mnakanyaga samadi hiyo hiyo, na pepopunda haichagui. Ulizeni zahanati lini mlichomwa sindano ya mwisho.

Wale watatu wa miezi miwili usiwafunge mpira. Ikiwa Desemba wataondoka, watakuwa na miezi saba. Watenge mapema zaidi, mwanzoni mwa Septemba. Yeyote kati yao unayetaka kumbakiza, mwite daktari aje na bardizo, lile koleo zito la chuma lililobuniwa na Mwitaliano Burdizzo mapema karne ya 20. Halikati ngozi. Linaponda ile kamba inayopeleka damu kwenye korodani, upande mmoja kwanza kisha wa pili, mistari miwili isikutane katikati ili ngozi ya mfuko isife. Kila pondo lihesabiwe hadi kumi, na lirudiwe kidogo chini ya la kwanza. Mfuko utavimba siku kadhaa, halafu korodani zitasinyaa kwa muda wa wiki nne hadi sita, na katika wiki hizo usimwamini na majike. Uzuri wake kwako ni mmoja: hakuna kidonda, na pasipo kidonda punda hana la kumfanya.

Punda mwenyewe mtafutie pa kulala pengine, hata kibanda cha mabati upande wa pili wa nyumba, kabla hujamfunga mwanakondoo hata mmoja. Zoa samadi ya zamani bomani, utandaze majani makavu mapya, na wiki nne zinazofuata wanakondoo waliofungwa walale hapo au kwenye nyasi safi, wasilale kwenye matope.